Kuitika Kwenye Ukungu

Pareto kavu ina harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote: uchungu kidogo, vumbi kidogo, na nyuma yake utamu wa majani yaliyokaa sana juani. Nyumba ya bibi yangu, mama yake mama, ilinuka hivyo mwaka mzima, kwa sababu magunia ya maua ya msimu uliopita yalihifadhiwa kwenye chumba kilekile walicholala wageni. Nzi hawakuthubutu kuingia humo na kunguni hawakujulikana. Mimi nilizaliwa na kukulia mjini, Mwanjelwa, katikati ya harufu ya dagaa, mafuta ya taa na ndoo mpya za plastiki alizouza baba, kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia chumba kile nilipiga chafya mfululizo mpaka machozi yakanitoka. Bibi alicheka, akashika mlango asianguke. "Mke mwenzangu hata hajakaa, ameshaanza fujo," alisema. Nilikuwa na miaka kumi, na ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka.

Huko kwa bibi, milimani juu ya Isyonje, hakuna mtu anayepanda kupumzika wakati huo. Watu wa mjini hurudi milimani Desemba, wakiwa na nguo mpya na watoto wasiojua lugha, wakati kuna mahindi mabichi na vijiji vimejaa vicheko. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi tu. Baba, ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye aliamini mwili wa binadamu haukuumbwa kwa ajili ya sweta mbili, alisema wakati ule milimani wanaishi viazi peke yao. Lakini ndiye aliyetupakia kwenye gari. Mwezi wa tano mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tangu siku ile alikuwa anapika, anafua, anaitikia salamu za wateja, na hayupo. Aliweza kushika kikombe cha chai mpaka kikapoa chote mkononi. Baba alijaribu alichojua, akamnunulia vitenge, akamletea samaki wa Kyela, akaita mashangazi waje kukaa naye, ikashindikana. Mwisho akasema, "Mpeleke mama yako kwa bibi, mwanangu, akapumzike," kana kwamba mimi ndiye mkubwa na mama ndiye anayepelekwa. Nililichukulia agizo lile kwa uzito wote.

Na kweli tulipumzika. Sijawahi tena kuishi siku zilizotulia kama zile. Pareto ilikuwa imekwisha, viazi vilishavunwa vikaenda sokoni, mashamba ya mlimani yalibaki matuta matupu, na kazi pekee iliyobaki ilikuwa ya vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi pembeni mwa maji. Asubuhi sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imelala juu ya majani, nyeupe, na nilipenda kuikanyaga isikike ikivunjika. Kisha niliingia jikoni, kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, nikakaa na bibi kwenye vigoda tukasubiri viazi viive majivuni. Tulivimenya vikiwa vya moto, tukapuliza vidole, tukachovya kwenye chumvi. Bibi alikuwa mfupi, mpana, mwepesi wa miguu, na mtani asiyechoka. Aliniuliza kila siku kama baba yangu bado anaogopa ng'ombe. Ulimi wake haukuwa rafiki wa jina langu: mimi ni Zuhura, kwake nilikuwa Suhula, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo.

Mama alilala. Alilala mchana, alilala jioni, alilala chini ya mablanketi matatu huku dirisha lake likitazama mteremko unaoshuka bondeni. Bibi hakumsumbua. Akiona nataka kuingia kwa kelele alinivuta mkono, "Mwache mwenzio, anarudi polepole." Alimpelekea uji, akarudi na bakuli ambalo limepungua kidogo, akaliinamia na kulichunguza vizuri kabla ya kusema neno. Likipungua nusu, aliimba siku nzima.

Karibu kila asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni. Aliyezoea ukungu wa mjini hajaujua ukungu. Ule ulifika mlangoni, ukafuta choo, ukafuta mti wa mparachichi, ukafuta hata kuku waliokuwa wanatembea miguuni kwako ukabaki unawasikia tu. Siku ya pili ya likizo yetu nilisikia mtu akimwita mtu huko chini, nikaitika kwa utani, "Abee!" Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuwa anacheka. Alinishika kidevu, akaniambia kwamba kwenye ukungu mtu haitiki mpaka aitwe mara tatu. Asijibu, asitoke, asisogeze hata mguu. "Mtu mzima wa afya yake akikutaka hachoki kuita," alisema. "Ataita moja, ataita mbili, ataita tatu, ataita mpaka akutukane. Wale wengine wanaita mara mbili tu, halafu wanaacha." Nikamuuliza wale wengine ni akina nani. "Waliotangulia. Wanapita kuangalia nani yupo. Ukiitika wanajua umekaa wapi."

Jioni nilimweleza mama, nikitumaini atasema ni hadithi za wazee. Mama alikuwa amelala ubavu, macho yanaangalia ukuta. Alisema amelelewa hivyo, na watoto wote wa mlima ule wamelelewa hivyo. Akaongeza kwamba ukungu hugeuza sauti: wa kulia unamsikia kushoto, na mtoto anayekimbilia wito wa kwanza huishia korongoni. Ukifika wa tatu sikio limeshajua njia. Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu tulipofika, na mimi nilifurahi kiasi kwamba sikujali yanatisha. Kuanzia hapo niliishika sheria ile kama watoto wanavyoshika sheria, yaani kuliko wenye nayo. Bibi akiniita uji, nilikaa kimya nahesabu kwa vidole mpaka ya tatu ndipo nikaitika "Abee, bibi!" na kukimbia. Alinisifia. Alisema damu ya mlima imeshinda ya dukani.

Siku ya kumi, jioni, tukiwa tunaota moto, mama alisema, "Natamani njegere mbichi." Alilisema vile mtu anavyosema jambo la kawaida, akiwa anakuna mkono. Bibi hakugeuka. Aliendelea kupanga kuni, lakini nilikuwa nimekaa upande wake nikaona mdomo wake ukitetemeka. Kilikuwa kitu cha kwanza mama alichokitaka tangu mwezi wa tano.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote, na bibi hakusubiri uinuke. Alijifunga kanga ya pili kichwani, akachukua kikapu, akaniambia mama asiamshwe, nichochee moto, nimenye viazi, anakwenda kinyungu na kurudi sasa hivi. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko na kisu changu kidogo. Nilisikia hatua zake zikishuka, kisha sikuzisikia. Maji yalidondoka kutoka kwenye bati. Nilimenya kiazi cha kwanza, cha pili, na sijui vingapi, na ndipo nikasikia, "Suhulaa!"

Nikanyanyua kichwa. Moja, nikahesabu. Sauti ilikuwa imetoka chini, au labda nyuma ya nyumba, sikuweza kujua. Nilikaa na kiazi mkononi. Ikaja tena, "Suhula," fupi zaidi, ya chini zaidi, bila ule mkia bibi aliouvuta siku zote mwisho wa jina langu. Mbili. Nilisimama. Mdomo wangu ulishafunguka, "abee" imeshakaa kwenye ulimi. Nikasubiri ya tatu.

Haikuja. Kilichokuja ni woga. Ile ya pili haikuwa sauti ya bibi, nilijiambia, ilikuwa ya mtu anayejaribu sauti ya bibi, na sasa ameacha kama alivyosema wanaacha. Niliingia jikoni nikavuta mlango, nikaweka kipingo, nikapiga magoti mbele ya moto na kupuliza kuni mbichi kwa nguvu zangu zote, zikafoka na kulia na kunijaza moshi machoni. Nilipuliza ili nisisikie kitu. Sijui nilisubiri muda gani kabla ya kuufunga ule mlango. Nimejaribu kuupima mara nyingi, nikiwa nimekaa, nikiwa kwenye foleni, nikiwa naosha vyombo. Kuna siku unakuwa mrefu, kuna siku ni wa kumeza mate tu.

Baadaye mama akaja. Aligonga, nikafungua, akaingia na blanketi mabegani na kukaa kwenye kigoda cha bibi. Alinitazama, akatazama mlangoni, akanyoosha mikono motoni. Hakuuliza bibi yuko wapi. Tulikula viazi, sisi wawili, na alikula vingi. Nakumbuka nilifikiri jinsi bibi atakavyofurahi nikimwambia idadi.

Ukungu uliinuka karibu na saa sita. Jirani yetu, Mama Lusajo, ndiye aliyempata aliposhuka kuangalia kabichi zake. Huyo hakuhesabu mara tatu. Alipanda mteremko akipiga mayowe mfululizo, na mama alitoka nje miguu mitupu kabla sijaelewa nini kinasemwa. Ukingo wa mfereji wa kinyungu ulikuwa umeporomoka bibi alipoukanyaga. Alianguka ndani, mguu ukavunjika juu ya goti, na alikaa kwenye maji yale, ambayo kwa ubaridi hata mchana huwezi kunawia uso, tangu asubuhi. Kikapu kilikuwa pembeni yake na kilikuwa kimejaa. Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, na usiku baba, aliyepelekewa habari, akaja na gari la mtu kumpeleka hospitali mjini. Mimi nilikaa nyuma nimeshika kikapu cha njegere kwa sababu hakuna aliyeniambia nikiweke chini.

Aliishi siku tisa. Mguu ulifungwa vizuri, lakini kifua kilikuwa kimeshashika baridi na hakikuiachia. Siku ya sita au ya saba mama alitoka kutafuta maji ya moto, nikabaki naye peke yangu. Alikuwa mdogo mle kitandani, na pumzi zake zilikuwa na sauti ya kitu kinachochemka. Nilidhani amelala. "Suhula," akasema, bila kufungua macho. "Ulisikia?"

Ningeweza kusema hapana. Nilijua hivyo hata wakati ule, na mpaka leo nashukuru kwamba sikusema. Nikamwambia, "Mara mbili, bibi."

Alifungua macho akanitazama kwa muda mrefu. Sikuweza kusoma kilichokuwa usoni pake. Kisha alitafuta mkono wangu juu ya shuka akaupata. "Basi hukukosa," alisema. "Mara mbili haitikiwi." Akapumzika kidogo. "Usimwambie mama yako. Mama yako ana yake." Mama akarudi na chupa ya chai, na hatukuzungumza tena jambo hilo, maana baada ya hapo bibi hakuzungumza mengi na yeyote.

Kwa hiyo sikumwambia. Nilikaa na lile jambo kama mtu anavyokaa na risasi ambayo daktari ameona ni heri aiache mwilini. Mwanzoni lilikuwa la kutisha kwa namna ya kitoto: niliogopa kuitwa. Mwalimu akiniita darasani nilisubiri, nikachapwa kwa kiburi. Baadaye likabadilika. Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimeachika, nimerithi duka la baba na kulijaza simu na vifaa vyake badala ya ndoo, na bado katikati ya mchana, wateja wamejaa, muziki wa dukani kwa jirani umefunguliwa mpaka mwisho, nasikia jina langu kwa ule ulimi wake usiojua kulitamka. Mara moja, kwa mkia mrefu. Mara ya pili, fupi. Kisha nasimama na chenji ya mtu mkononi nasubiri, na mteja anasema, "Dada, vipi, umeona jini?" Nacheka naye.

Lakini lililonila zaidi ni mama. Alipona, kwa kweli. Yule mama aliyekuwa hayupo alirudi, akazaa wadogo zangu wawili, akawa mkali na mcheshi kama mama yake. Ila njegere hazikuingia tena nyumbani kwetu. Msimu wake ukifika na soko limejaa, alipita upande wa pili wa barabara. Mara moja, nikiwa msichana mkubwa, nilimsikia akimwambia shangazi kwamba ni yeye aliyemuua mama yake kwa tamaa ya mdomo wake. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitakiwa kutoka pale nikasema, si wewe, ni mimi, nilimsikia. Sikutoka. Nilijitetea kwa agizo la bibi, lakini ukweli ni kwamba agizo lile lilinifaa. Nilimwacha mama yangu abebe miaka yote hiyo kitu ambacho niliamini ni changu.

Mwaka huu, mwezi wa saba, mama alisema anataka kupanda mlimani. Sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, na anaishi nami. Nilimwambia kuna baridi, tusubiri Desemba. Akasema Desemba kuna watu. Tulikodi gari ndogo. Barabara ya lami imefika mbali kuliko nilivyofikiri, na safari iliyotuchukua nusu siku nikiwa mtoto iliisha kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Mnara wa simu umesimama pale palipokuwa na shamba la pareto. Vijana wanaitana kutoka kilima kwenda kilima kwa ujumbe wa simu, hawana haja ya koo. Nilimuuliza mjukuu wa Mama Lusajo kama bado watoto wanafundishwa kuhusu kuitika kwenye ukungu, akanitazama kwa adabu kama mtu anayezungumza na mgeni, akasema hajawahi kulisikia hilo. Nyumba ya bibi imebaki msingi tu. Upande wa mteremko imepandwa miti ya mbao, mirefu, iliyonyooka, na chini yake hakuoti kitu.

Tulikaa juu ya mawe ya msingi, pale palipokuwa na chumba alicholala mama likizo ile, yeye na blanketi, mimi na koti. Ukungu ulianza kupanda kati ya miti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nimeyapanga njia nzima, na yote yalinitoka kichwani. Nikasema tu, "Mama, siku ile nilimsikia bibi akiniita. Mara mbili. Sikuitika."

Mama hakugeuka. Alivuta blanketi likafunika magoti. Nilingoja alie, au anipige, ingawa mimi mwenyewe nina mvi.

"Zilikuwa tatu," alisema. "Nilikuwa macho. Dirisha lilikuwa linatazama huku. Nikasikia ya kwanza, nikasikia ya pili. Ya tatu ikachelewa kidogo, lakini ikaja." Aliongea taratibu, na nikaona kwamba na yeye ameyapanga maneno yake, kwa muda mrefu kuliko mimi. "Nikasema, si jina langu. Anamwita mtoto, mtoto ataitika. Nilikuwa nimechoka, Zuhura. Sikutaka kuitwa na mtu yeyote siku hiyo. Nilipokukuta jikoni nikajiambia umeshakwenda, umerudi. Sikukuuliza. Niliogopa kukuuliza."

Nilimshika mkono, au yeye alinishika, sijui nani alianza. Sikumwambia kwamba nilifunga mlango nikapuliza moto. Amelijua, nadhani, kwa namna nilivyonyamaza. Tulilia wote wawili bila aibu, wanawake wazima wawili juu ya mawe, na dereva akajifanya anaangalia tairi. Nilihesabu tena kama ninavyohesabu siku zote, ila safari hii sikuwa nahesabu wito. Nilikuwa naangalia kile kitanda cha hospitali, na yule mwanamke mwenye pumzi zinazochemka, akinitazama kwa muda mrefu kabla ya kutafuta mkono wangu na kuniambia sikukosa. Alijua ameita mara ngapi.